Kobe aliyekataa majani



Juma lililopita, baada ya likelemba, mama mmoja alituuliza mbele ya wote kama ni kweli kwamba nyumbani kwetu tunanunua majani sokoni kwa ajili ya kobe. Watu walicheka, na sisi tukacheka nao. Ni kweli. Lakini jibu lake ni refu, na siku ile kila mtu alikuwa anataka kurudi nyumbani kabla ya giza. Kwa hiyo tumeona afadhali tuliandike hapa. Ndani yake mna kobe, mna majani ya soko, na mna mtoto wetu wa mwisho, msichana wa miaka 6. Mna pia aibu yetu kidogo, sisi wazazi wake.

Lazima tuanze na mjusi, kwa sababu kosa la kwanza tulilifanya kwake.

Mwaka jana mtoto wetu wa kiume alikamata mjusi wa kichwa cha buluu, mmoja wa wale wanaoishi kwenye miembe na kutikisa kichwa kama mzee anayekubali maneno ya baraza. Alimtia katika katoni, akamwekea kifungu kizima cha lengalenga na maji katika kifuniko cha chupa. Siku ya kwanza mjusi hakula. Siku ya pili hakula. Sisi tukasema: huyu ni mkaidi, akiona njaa atakula tu. Siku ya nne ngozi ya ubavu wake ilikuwa imekunjamana. Tuliogopa asifie mikononi mwa mtoto, tukamrudisha kwenye mwembe. Alipanda kidogo, akasimama penye msururu wa sisimizi, akaanza kuwalamba mmoja mmoja, haraka haraka, kama mtu aliyetoka safari.

Mijusi hao chakula chao ni sisimizi, panzi, mende na wadudu wengine. Katika nchi za mbali wapo mijusi wanaoishi kwa majani, kama iguana wa Amerika, lakini wa miembe ya Lubumbashi si hao. Siku nne tulimtia njaa mbele ya sahani iliyojaa, kisha tukamwita mkaidi. Tulicheka, tukasahau. Hatukujua kwamba somo hilo litarudi.

Lilirudi mwezi wa tisa. Mjomba wa watoto alitoka shambani, upande wa barabara ya Kasenga, akiwa na kobe ndani ya mfuko wa mahindi. Huko watu walikuwa wamekata miti ya makala na kuchoma pori, na kobe alikutwa kando ya majivu, ukingo wa gamba lake umeungua. Mjomba alimleta kama mboga. Alimweka jikoni, akasema, "Dada, maji ya moto yako wapi?" Kabla hatujajibu, msichana wetu alikuwa amemkumbatia kobe kifuani, majivu yote yamehamia kwenye nguo yake ya siku ya Mungu. Basi jioni ile tulipika ndagala. Kobe alipewa jina la Polepole, na mjomba alirudi kwake akisema kwamba watu wa mjini wana mambo.

Polepole ni wa jamii ya kobe wenye bawaba. Sehemu ya nyuma ya gamba lake inajikunja kama mlango na kufunga miguu ya nyuma pamoja na mkia. Kobe wa namna hii wanaishi katika misitu ya miombo kwetu Katanga, Zambia, na kuvuka mpaka Tanzania. Watoto walipenda sana kuona mlango huo ukifungwa. Tuliwakataza kumgusa kila dakika, kwa sababu kobe anapofunga mlango anasema kwamba anaogopa. Tuliwazoesha pia kunawa mikono kwa sabuni kila walipomshika, maana kobe na mijusi wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila wao wenyewe kuugua, na mtoto akavipeleka mdomoni.

Sasa chakula. Siku za kwanza Polepole hakula kitu. Watoto walihuzunika, kila mmoja akaleta alichokuwa nacho: bukari, mkate uliolowekwa katika chai, ndizi mbivu, papai. Siku ya tano aliuma ndizi. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Kuanzia hapo alipewa ndizi na mkate asubuhi, papai na mkate jioni. Tukimwekea majani alipita juu yake kwa miguu, akaenda moja kwa moja kwenye ndizi. Baada ya majuma mawili kinyesi chake kilikuwa maji matupu, macho yanafumbika, na mchana kutwa hataki kutoka pembeni mwa ukuta.

Katika kartie yetu anaishi binti anayesomea udaktari wa mifugo hapa UNILU. Tulimwita. Alikuja jioni, akavua viatu, akachuchumaa karibu na kobe. Kabla ya kumgusa alituuliza maswali matatu: Huyu ni nani? Sasa ni mwezi gani? Mnampa nini, na tangu lini?

Tulidhani anatania. Lakini kila swali lilikuwa na kazi yake.

Huyu ni nani: kobe wa miombo. Porini anakula majani, maua, matunda yaliyoanguka, uyoga, na mara nyingine konokono na jongoo. Mkate haumo. Tumbo lake limeumbwa kwa nyuzi za majani, nalo linayasaga taratibu. Ukilijaza unga na sukari ya matunda kila siku, chakula kinachacha ndani, na kinatoka maji.

Sasa ni mwezi gani: mwisho wa kiangazi. Wakati huo pori letu ni kavu, na kobe wa namna hii hujificha chini ya majani makavu au katika shimo. Anakula kidogo au hali kabisa mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo siku zile za kwanza, tulipodhani anakufa kwa njaa, alikuwa anafuata kalenda yake.

Mnampa nini, na tangu lini: hapo tuliinamisha vichwa. Binti akatueleza kwamba gamba la kobe ni mfupa, linashikamana na uti wa mgongo na mbavu zake. Mfupa unataka kalsiamu, na mwili unataka mwanga wa jua ili uweze kuitumia kalsiamu hiyo. Ndizi na mkate vina kalsiamu kidogo sana. Kobe anayekula hivyo mwaka mzima, tena ndani ya nyumba, gamba lake linalainika na miguu inapinda, kama vile mtoto anavyoweza kupinda miguu kwa kukosa jua na chakula kinachofaa.

Sisi tukasema, "Lakini majani anayakataa." Akajibu, "Si mkaidi. Mlimfundisha mkate, naye amejifunza vizuri. Sasa mfundisheni majani."

Hivi ndivyo tulivyofanya, na tunaandika kwa utaratibu kwa sababu mama wengine wana watoto walioleta kobe nyumbani.

Kwanza, hatukumnyang'anya ndizi siku moja. Tuliiponda ndizi kidogo, na ndani yake tukachanganya majani yaliyokatwa nyembamba kama tumbako, kiasi cha kijiko kimoja. Hawezi kuchagua ndizi na kuacha majani, kwa sababu vimeshikana. Kila siku tatu tulipunguza ndizi na kuongeza majani. Mkate tuliuacha kabisa.

Pili, tuliangalia saa. Kobe anapata nguvu kwa joto la jua, hana joto lake mwenyewe kama kuku. Asubuhi yenye ubaridi hata ungempa nini hali. Tulimweka kwanza katika beseni yenye maji ya uvuguvugu, yasiyofika kidevuni, kwa dakika kama kumi na tano. Alikunywa humo, akajisaidia humo, kisha tukamtoa juani, karibu na kivuli ili achague mwenyewe. Chakula kilikuja baada ya hapo.

Tatu, tulinyamaza. Watoto walikaa mbali. Tuliweka chakula juu ya jiwe bapa, tukaondoka. Asipokula tuliondoa kile kilichonyauka, bila maneno.

Nne, tulisaga maganda ya mayai yaliyochemshwa, tukanyunyiza unga wake kidogo sana juu ya majani mara mbili kwa juma.

Na majani yenyewe? Hapa ndipo tulipojifunza mengi, na mama wanaouza mboga soko la Kenya watatusahihisha. Tulidhani jani ni jani. Sivyo. Salati ya bustani, ile laini, kobe aliipenda mapema, lakini karibu yote ni maji, haimjengi. Lengalenga ni mboga nzuri kwa watu, lakini ina oksalati nyingi, yaani kitu kinachoishika kalsiamu ili mwili usiipate. Kwa kobe inafaa mara moja moja tu. Matembele, majani ya maboga tunayoyaita kibwabwa, na shu ya Kichina tulivibadilishana, leo hiki, kesho kile, kwa sababu jani lolote likiwa peke yake kila siku lina upungufu wake. Maua na majani ya hibisiko ya kwenye ua hayana bei, na ua jekundu lilikuwa kitu cha kwanza cha bustani ambacho Polepole alikifuata kwa miguu yake mwenyewe. Kishonanguo kinachoota pembeni mwa uzio nacho alikikubali.

Sombe hatukumpa. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi. Sisi watu tunalitwanga na kulichemsha muda mrefu mpaka sumu inatoka, na hiyo si desturi ya urembo. Ni kazi ya kuokoa maisha. Katika Kwango, magharibi mwa nchi yetu, kuna ugonjwa wa miguu uitwao konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Kwa hiyo bibi aliyetufundisha kutwanga sombe alijua anachofanya. Avoka pia hatukumpa, kwa sababu jani lake na ganda lake ni sumu kwa wanyama wengi.

Jambo moja tena kuhusu majani, nalo ni la kobe na la watu. Katika mji wetu swali la jani limetoka wapi ni kubwa kama swali la jani gani. Mwaka 2009 watafiti wa hapa pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi kupita kiasi katika mkojo wao, na watoto zaidi. Vumbi linaingia kwa pumzi na kwa chakula. Ndiyo maana hatukuchuma majani ya kando ya barabara ya malori, na yale ya soko tuliyaosha katika maji matatu. Kuosha kunaondoa vumbi lililokaa juu, hakuondoi kile ambacho mmea ulikinyonya kutoka udongoni au majini. Kwa hiyo tukinunua tunamuuliza mama muuzaji, kwa heshima, bustani yake iko upande gani na anamwagilia maji ya wapi. Wengi wanajibu bila kukasirika. Mmoja alitujibu, "Mama, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza," akatuongezea fungu.

Mpaka hapa mtaona kwamba hadithi ni ya kobe. Sasa tufike kwenye aibu.

Mwanzo wa mwezi wa kumi msichana wetu alikuwa anachoka. Akitoka shule analala juu ya mkeka na viatu miguuni. Midomo ilikuwa imepauka. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamchoma kidole, kipimo cha damu kikasema 9.8, na kwa mtoto wa umri wake kinatakiwa kifike angalau 11.5. Muuguzi alipima malaria, akampa dawa ya minyoo, kwa sababu damu haipungui kwa chakula peke yake, akaandika vidonge vya chuma. Kisha akauliza anakula nini. Tulisema ukweli: bukari na samaki akipenda, chai na mikate ya mafuta kila akiweza. Majani, hata kidogo. Muuguzi alisema, "Lazima ale majani." Tukarudi nyumbani na neno hilo, lazima, kama fimbo.

Jioni ile tulipika sombe. Msichana alifunga mdomo. Tulimwambia kwa upole, tukamwambia kwa sauti. Halafu mmoja wetu alimshika mikono kwa nyuma na mwingine akamsukumia kijiko. Alitapika juu ya mkeka, samaki na vyote. Alipigwa. Alilala akilia, na sisi tulilala tukijiambia kwamba ni kwa faida yake.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa uani, tumechuchumaa. Mmoja wetu anamwogesha Polepole kwa maji ya uvuguvugu, mwingine anakata matembele nyembamba kama tumbako. Tulikuwa tunasema kwa sauti ndogo, "Polepole, kula kidogo, kidogo tu." Msichana alitoka amevaa sare ya shule, akasimama mlangoni, akatuangalia muda mrefu. Akauliza:

"Mbona Polepole hamumpigi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia avae viatu.

Mama wapenzi, mmoja wetu anafundisha. Ana diploma ya ISP. Miaka yote hiyo amesimama mbele ya darasa akijua kwamba huwezi kumfundisha mtoto usiyemjua, na kwamba fimbo inafundisha woga wa somo. Maneno hayo tumeyaandika katika mitihani, tumepata pointi. Nyumbani kwetu, mbele ya sahani, yalikuwa yamelala ndani ya daftari.

Usiku ule tulirudia maswali matatu ya yule binti, safari hii kwa mtoto wetu.

Huyu ni nani? Ni mtoto ambaye tangu alipoanza kula hataki kitu kinachoteleza mdomoni, na harufu ya samaki mkavu inamchafua roho. Tulijua hayo. Tulikuwa tumeyaita ukaidi.

Sasa ni saa ngapi? Tulikuwa tunakula saa mbili usiku, mara nyingine saa tatu, umeme ukikatika. Mtoto wa miaka 6 saa hiyo anasinzia. Tena saa kumi alikuwa ameshashiba mikate ya mafuta na chai, aliyonunuliwa na sisi wenyewe ili anyamaze wakati tunasahihisha madaftari.

Tunampa nini, na tangu lini? Tulimpa sombe nzima, sahani nzima, siku moja, baada ya miaka mingi ya kumwacha. Kobe alipewa kijiko kimoja ndani ya ndizi.

Basi tulianza upya. Chakula chake kilihamia saa kumi na moja jioni, na mikate ya mafuta ikawa ya siku ya posho tu. Chai ilitolewa kwenye chakula, kwa sababu chai inazuia mwili usipate chuma cha majani. Anakunywa baadaye. Pembeni mwa bukari tuliweka kijiko kimoja cha matembele yaliyopikwa na karanga ya kutwanga, bila samaki mkavu, yenye tomati nyingi na ndimu kidogo. Ndimu, tomati, embe, pera, vyote hivyo vinasaidia chuma cha majani kiingie katika damu. Mafuta ya ngazi kidogo yanasaidia vitamini A. Na hatukusema neno. Hilo lilikuwa gumu kuliko kutwanga.

Watu waliochunguza ulishaji wa watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hata 15 kabla ya kukikubali. Wengi wetu tunaacha mara ya tatu na kusema, "Huyu hapendi." Tulibandika karatasi nyuma ya mlango wa jiko, tukawa tunapiga mstari kila mara. Mara ya kwanza aliangalia. Mara ya pili aligusa kwa kidole. Mara ya nne alilamba, akakunja uso. Mara ya sita alikuwa ametumwa kukata majani ya Polepole, akarudi na kipande kimoja kati ya meno. Hatukupiga vigelegele, ingawa tulitaka. Mara ya tisa alimaliza kijiko, akauliza kama karanga zipo zaidi.

Mama mmoja jirani alitukemea, na tunamheshimu kwa hilo. Alisema, "Kuna nyumba hapa ambazo watoto wanalala na bukari kavu, na ninyi mnamkatia kobe mboga." Tulimsikia. Tangu siku ile Polepole alikula maua ya ua wetu, kishonanguo, na yale majani ya nje, magumu, ambayo mama wa soko wanayatupa. Fedha ya mboga inaenda kwenye sufuria ya watu. Na kibwabwa tumekipanda pembeni mwa choo cha zamani kilichofunikwa... hapana, mama, msicheke: upande wa pili wa uwanja, mbali nacho. Mbegu zilitoka katika boga moja.

Mvua ilikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja. Usiku wa kwanza ilipiga bati mpaka asubuhi. Tulipoamka, Polepole alikuwa katikati ya uwanja, shingo imenyooka, anakunywa katika dimbwi. Siku ile alikula kila kitu: hibisiko, kibwabwa, nyasi, konokono mmoja mzima na ganda lake, na uyoga mdogo uliochipuka penye kuni. Hatukumchanganyia ndizi tena. Kinyesi kilikuwa kigumu tangu zamani kidogo, macho wazi, na ukingo ulioungua ulikuwa umekauka vizuri.

Mwezi wa kwanza tulimrudisha. Kobe wa porini si kuku. Porini ana kazi yake, na wengi wanaochukuliwa na kuuzwa wanakufa mikononi mwa watu wasiojua maswali matatu. Ndiyo maana biashara ya jamii nzima ya kobe wa nchi kavu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mjomba alituongoza mpaka penye kijito, si mbali na shamba lake, mahali ambapo miombo haijaguswa na watu wa makala. Msichana alimbeba njia yote. Alipomweka chini, aliuliza nani atamkatia majani. Mjomba, yule yule wa maji ya moto, alimjibu, "Mwanangu, yule ana mdomo mkali kuliko kisu chenu." Polepole alifungua mlango wake wa nyuma, akatoa miguu, akaingia chini ya majani bila kuaga.

Juma lililopita tulimrudisha msichana kwenye kipimo. Damu ni 11.1. Haijafika, vidonge vinaendelea, lakini viatu anavua mwenyewe sasa akitoka shule. Anakula matembele, anakula kibwabwa chenye karanga, lengalenga anakula nusu. Sombe bado. Nyuma ya mlango wa jiko kuna mistari 11, na tunaendelea kuhesabu.

Mama mwenye njia ya kupika sombe isiyo na samaki mkavu, ambayo mtoto wake anaikubali, tunamwomba aje nayo siku ya posho. Sisi tutaleta karanga.

Juma njema kwenu wote.